Siku Tisa za Kimya

Mdogo wangu ana jino moja la mbele lililomeguka pembeni, na kila anapocheka mimi hutazama kwingine. Wasiojua hudhani alianguka na baiskeli utotoni. Yeye mwenyewe hana shida nalo. Akiulizwa husema ni kijiko, watu wakicheka naye hucheka, na hapo jino huzidi kuonekana. Kijiko chenyewe kilikuwa mkononi mwangu. Nimetamani kuiandika habari hii kwa miaka kadhaa, na kila nikiketi huanza na kijiko, kisha nikagundua kwamba kijiko kiko karibu na mwisho, na mwanzo uko mbali zaidi, pengine kwenye ualimu wangu, pengine kwenye ile tabia yetu ya kila Desemba ya kutaka nyumba ionekane haina kasoro.

Sisi ni watu wa Kibosho, upande wa juu, ambako asubuhi ikiwa na heri kilele cha Kibo huonekana kabla mawingu hayajakifunika. Kwa desturi ya Wachagga mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi na kihamba, shamba la ukoo, kinachoizunguka, na mdogo wangu ndiye kitinda mimba. Baba alipofariki, yeye alibaki na mama, migomba, mibuni michache iliyochoka na ng'ombe wawili wa kulishwa bandani. Mimi nilikwisha kuteremka mjini Moshi, nafundisha hisabati shule ya msingi, na nilikuwa napanda nyumbani kila mwisho wa mwezi nikiwa na sukari, mchele na maoni mengi.

Alianza kuanguka akiwa na miaka 17. Miaka ile ya mwanzo nitaipita haraka, maana kila nyumba yenye mgonjwa wa kifafa inaijua: jirani anayesema amerogwa, mwingine anayewakataza wanawe wasimguse akiwa anatoka povu, mganga, kuku, maombi, na tena mganga. Kifafa hakiambukizi, si kwa povu wala kwa kugusana, lakini neno hilo lilipofika kwetu lilikuwa limechelewa, na dawa ilichelewa pamoja nalo. Ilipokuja ilikuwa fenobabitoni, vidonge vidogo vyeupe vya miligramu 30, viwili kila usiku, ndani ya kibahasha kilichoandikwa kwa kalamu. Ni dawa kongwe. Daktari Mjerumani, Alfred Hauptmann, ndiye aliyeandika kuhusu uwezo wake wa kuzuia kifafa mwaka 1912, na hadi leo ni miongoni mwa dawa za bei nafuu kabisa za ugonjwa huu. Kwa miezi michache kuanguka kukapungua, kisha kukakoma.

Kukakoma, nasema. Hapo ndipo nilipoanza kupiga hesabu zangu.

Dawa ilikuwa na maudhi yake, na kubwa lilikuwa usingizi. Asubuhi mdogo wangu alikuwa kama mtu anayetembea ndani ya ukungu. Ukimwita anageuka baada ya kitambo, na ukimtuma majani ya ng'ombe unaweza kupika mtori ukaiva kabla hajarudi. Watu wakamwita mzito. Mimi pia, Mungu anisamehe, niliwahi kumwita hivyo mbele ya wanangu. Huku nyuma nilikuwa nahesabu: miaka miwili na miezi minne bila kuanguka hata mara moja. Nikajiambia, wa malaria hunywa dawa siku tatu akaacha, wa kifua kikuu miezi sita akaacha, sasa huyu wa miaka miwili na zaidi anameza kwa ajili ya nini? Nadhani neno lenyewe lilinipoteza. Katika mazungumzo yetu dozi ni kitu cha kumalizwa. Tunaulizana, umemaliza dozi? Sikuwahi kufikiri kwamba iko dawa isiyoufukuza ugonjwa mwilini, inayosimama tu mlangoni usiku na mchana, na kwamba nyumba ikiwa tulivu ni kwa sababu mlinzi yuko kazini.

Ilikuwa tarehe 16 Desemba, shule zimefungwa, nami nimepanda nyumbani kusaidia maandalizi. Mama alikuwa ameanza novena ya Noeli jioni ile ile. Baada ya chakula mdogo wangu alimimina vidonge vyake viwili kiganjani, na mimi nikamwambia, "Leo usimeze. Tujaribu tuone."

Akaniangalia. "Daktari kasema?"

"Mimi ndiye nakuambia. Wewe huanguki tena."

Akavirudisha ndani ya kibahasha, kimoja, halafu cha pili, akakikunja kibahasha mara mbili kama tunavyokunja noti ya sadaka, akakiweka juu ya kabati la vyombo. Hakubisha. Huwa habishani na mimi. Mimi ni dada mkubwa, na tena ni mwalimu. Kimya chake nilikihesabu kuwa ni kukubali.

Siku ya tatu akaamka kabla ya mama. Siku ya tano alitania mezani, jambo ambalo hatukuwa tumelisikia kwa muda mrefu, na mama akacheka hadi akafuta macho kwa kanga. Siku ya sita, zamu yetu ya maji ilipofika, alikwenda kuuzibua mfongo, mfereji wetu wa maji, peke yake, akarudi na matope hadi magotini, anapiga mluzi. Nilisimama mlangoni nikimtazama, na niseme ukweli, nilijiona nimemzidi daktari.

Mfongo ungenifundisha, kama ningekuwa mtu wa kufundishika siku zile. Kila aliyekulia kwenye mteremko huu anajua kwamba maji yakikatwa kule juu karibu na msitu, mgomba haunyauki siku hiyo. Udongo una akiba yake. Unaweza kupita kihambani wiki nzima ukiona majani mabichi, ukaapa kwamba mfongo hauna kazi. Fenobabitoni huondoka mwilini namna hiyo hiyo. Kwa mtu mzima huchukua takriban siku 3 hadi 5 kupungua kwa nusu, kisha muda kama huo tena nusu iliyobaki ipungue kwa nusu nyingine. Kwa hiyo asubuhi ile ya tatu nilipomwona mchangamfu nikajipongeza, alikuwa bado anaishi kwa dawa niliyomkataza. Usingizi ulitangulia kuondoka, kinga ikaufuata nyuma taratibu, na mimi katikati yake nikaona afya.

Tarehe 24, kama saa 10 jioni, gari la baba mdogo kutoka Dar es Salaam lilikwisha kuingia uani, na mbege, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa imeiva. Mdogo wangu alipokea kata pamoja na wanaume wenzake, akanywa, akapokea tena. Sikumzuia. Nilifurahi kumwona amekaa kati yao badala ya kando. Baadaye akaenda kuwaletea ng'ombe majani, na nilikuwa nimempa mgongo nikipanga vikombe niliposikia mzigo wa majani ya mgomba ukitua chini, sauti nyepesi tu, kama mtu aliyejitupa kitandani. Ndipo wanawake wakapiga kelele.

Alikuwa amekakamaa, macho yamegeuka, kisha mwili ukaanza kutikisika. Mtu mmoja alisema leteni kijiko, au labda ni mimi niliyesema. Kila mmoja pale nyumbani anadai ni mwingine. Nilipiga magoti nikakisukuma kijiko cha supu kati ya meno yake kwa nguvu zangu zote, maana tumekua tukiambiwa kwamba mwenye kifafa humeza ulimi. Hakuna anayemeza ulimi wake. Nilichopaswa kufanya ni kusogeza mawe yaliyokuwa karibu na kichwa, kuweka kitu laini chini yake, kulegeza kola, kumlaza ubavu mtikisiko ulipoanza kupoa, na kutazama saa, kwa sababu kifafa kikipita dakika tano bila kukoma, au kikirudi kabla mgonjwa hajazinduka, hiyo ni dharura ya hospitali. Hakuna aliyetazama saa. Nilisikia kitu kikikatika, nikadhani ni kijiko.

Alipoanza mara ya pili bila kuzinduka, baba mdogo alitoa funguo. Tukateremka mjini nikiwa nyuma, kichwa chake mapajani mwangu, na magari yote mengine yakipanda, yamejaa watu na magunia na mbuzi, taa zao zikitupiga usoni kona baada ya kona. Dunia nzima ilikuwa inakwenda nyumbani.

Sasa nifike kwenye lile ninalolikwepa. Daktari wa zamu alikuwa kijana, umri wa wanafunzi wangu wa zamani. Akiwa anamchoma sindano ya kutuliza, aliuliza bila kugeuka, "Huyu anatumia dawa za kifafa?"

"Anatumia," nikasema.

"Kila siku?"

"Kila siku, dokta. Mimi mwenyewe nasimamia."

Mama alikuwa kando yangu, rozari mkononi. Alinitazama, kisha akatazama sakafu.

Nimejiuliza mara nyingi ule uongo ulitoka wapi, kwa wepesi ule. Sikuwa nimeupanga. Ulitoka kama jibu la mtoto aliyekamatwa na makombo mdomoni, isipokuwa mimi nilikuwa mtu mzima na makombo yalikuwa ndugu yangu. Nilidhani naificha aibu yangu tu. Sikujua kwamba jibu lile linampeleka daktari mahali. Maana mgonjwa anayemeza kila siku na bado anaanguka mfululizo lazima atafutiwe kitu kingine: malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, uvimbe kwenye ubongo, dozi isiyotosha. Vipimo vikaagizwa. Damu ikatolewa. Usiku ulipokwenda nikawasikia wakizungumza juu ya kumchoma sindano ya mgongoni ili kupima maji ya uti wa mgongo.

Ilikuwa kama saa 9 usiku nilipomfuata kwenye korido. Watu walikwisha kutoka misa ya mkesha. "Dokta," nikasema, "nilikudanganya. Amekaa siku tisa bila dawa. Ni mimi niliyemwachisha."

Nilitegemea anifokee, na nadhani nilitaka anifokee. Akavuta benchi, akaketi, akaniuliza, "Kidonge cha mwisho alimeza lini hasa?"

"Tarehe 15, usiku."

Akahesabu kwa vidole, taratibu, kama watoto wangu wa darasa la pili. "Asante, mama," akasema. "Sasa naelewa." Kisha akarudi chumbani, na mipango ya usiku ule ikabadilika. Nimekemewa mara nyingi maishani na nimesahau. Asante ile sijaisahau.

Alizinduka adhuhuri ya Krismasi, akauliza kama ng'ombe wamekula.

Baadaye nilitafuta vya kusoma, nadhani ili nijue ukubwa wa kosa langu, au labda ili nione sikuwa wa kwanza. Nikasoma juu ya Mahenge, huko Ulanga mkoani Morogoro, ambako daktari mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, akiwatibu watu waliokuwa wametengwa na jamaa zao kwa hiyo hiyo fenobabitoni. Mwaka 1992 yeye na Dokta Rwiza, Mtanzania, walichapisha habari za wagonjwa 164 wa kliniki ile waliofuatiliwa kwa miaka 30. Wengi dawa iliwasaidia. Lakini miongoni mwa waliofariki walikuwamo walioanguka mfululizo bila kuzinduka, waliozama majini na walioungua motoni. Nilisoma sentensi hiyo nikakumbuka kwamba siku ile mahali alipoangukia palikuwa hatua chache tu kutoka kwenye mafiga ya chungu cha mbege.

Na hapa karibu, katika wilaya jirani ya Hai, watafiti walipita nyumba kwa nyumba wakawatafuta wenye kifafa, wakakuta zaidi ya nusu ya watu wazima hawako kwenye dawa. Kabla sijawa na kisa changu ningesema ni ujinga, ni waganga, ni umaskini, na kweli vyote hivyo vimo. Ila najiuliza, mtafiti angebisha hodi kwetu siku ile ya sita, akamkuta kijana mwenye afya anapiga mluzi, dada yake mwalimu amesimama mlangoni anatabasamu, angetuandika wapi?

Mtu angedhani baada ya hapo nilijifunza. Nilirudi mjini nimekuwa askari. Kila usiku nilipiga simu: umemeza? Wikiendi nikipanda nilihesabu vidonge kwenye kibahasha kama mhasibu anayekagua sanduku la kikundi. Usiku mmoja simu yake ilizimika, na kesho yake akakiri kwamba alisinzia akasahau. Nikamwambia, basi leo meza vinne, vya jana na vya leo. Kesho yake mama alinipigia saa 6 mchana kunieleza kwamba mtoto haamki vizuri, na akiamka anayumba kama aliyekesha kilabuni. Kliniki walinieleza, bila kunicheka, kwamba aliyesahau na kukumbuka mapema humeza mara anapokumbuka, lakini muda wa dozi inayofuata ukiwa umeshakaribia, ile iliyopita huachwa ikapita, na vidonge havirundikwi kufidia. Niliandika kwenye daftari. Niligundua kwamba nilikuwa nimefanya kosa lile lile mara mbili, mara ya kwanza kwa kutoa na mara ya pili kwa kujumlisha.

Nesi mmoja wa pale, mama wa makamo mwenye miwani ya kufunga kwa kamba, aliniuliza siku hiyo jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza. "Mwalimu, kwa nini ulimwachisha Desemba? Kwa nini si Agosti?" Nikaanza kumweleza juu ya miaka miwili na miezi minne. Akanisikiliza hadi mwisho, akaendelea kunitazama tu. Na pale pale nikajua. Baba mdogo alikuwa anakuja na wakwe zake wapya, watu wa Arusha, kwa mara ya kwanza, na mimi sikutaka kibahasha kile kionekane juu ya kabati. Hesabu yote ya malaria na kifua kikuu niliipanga juu ya jambo hilo, kama mtu anayetandika kitambaa kizuri juu ya meza iliyotoboka.

Na lile la miaka miwili, nesi aliniambia, halikuwa la kuokota. Madaktari nao, mgonjwa akikaa miaka miwili au zaidi bila kuanguka, huanza kufikiria kama dawa inaweza kupunguzwa, wakipima aina ya kifafa, chanzo chake, na hatari ya mtu huyo kuanguka tena. Ila hupunguzwa kidogo kidogo, kwa miezi, mgonjwa akifuatiliwa na akijua anachokifanya. Hili lilinichoma kuliko kama angeniambia nilikosea moja kwa moja. Nilikuwa nimeshika kipande cha ukweli, na kwa kipande hicho nikajiona nimekamilika.

Kuhusu mdogo wangu, alivumilia uaskari wangu karibu mwaka mzima. Jioni moja tuko bandani, ananikamulia maziwa ya kubeba mjini, akasema bila kuinua kichwa, "Dada, kila siku unaniuliza kama nimemeza. Hujawahi kuniuliza nikimeza najisikiaje."

Sikuwa na jibu. Maziwa yaliendelea kugonga ndoo.

Mwezi uliofuata aliingia kwa daktari mwenyewe, mimi nikabaki nje kwenye benchi, na haikuwa rahisi kubaki nje. Alieleza usingizi wake, ukungu wake, jinsi anavyoona watu wakisubiri amalize sentensi. Daktari akaamua wajaribu kabamazepini. Haikubadilishwa kwa siku moja. Alianza na nusu kidonge cha miligramu 200 asubuhi na nusu jioni, ikaongezwa hatua kwa hatua, huku fenobabitoni ikipunguzwa polepole sana kwa miezi, na akaonywa kwamba akitokwa na vipele au vidonda mdomoni asisubiri tarehe ya kliniki, arudi siku hiyo hiyo. Hii ya sasa humezwa mara mbili kwa siku. Ya asubuhi humeza akishakamua, ya usiku akisikia taarifa ya habari ya saa 2 redioni. Saa hizo alizichagua yeye.

Nikiwa pale kwenye benchi nimesikia mengi ambayo hakuna aliyekusudia niyasikie. Siku moja nesi yule yule alikuwa na binti wa miaka ishirini na kitu, amembeba mtoto, anataka dawa anayotumia kaka yake, valproeti, kwa sababu kaka yake amepona vizuri. Nesi akamsogelea, akashusha sauti. "Mdogo wangu, ile kwa mwanamke anayeweza kushika mimba tunaiogopa. Inaweza kumharibu mtoto tumboni, uti wa mgongo na hata akili." Akamuuliza anatumia uzazi wa mpango gani, akamweleza kwamba baadhi ya dawa za kifafa, kabamazepini na fenobabitoni zikiwamo, hupunguza nguvu ya vidonge vya majira na vijiti, kwa hiyo huko nako ayataje. Na akishika mimba asiziache dawa kwa hofu, aje haraka waongee. Binti alitikisa kichwa kwa kila neno. Nilimtazama nikawaza, ameelewa, au ananyamaza kama mdogo wangu alivyoninyamazia?

Kosa la tatu, maana lipo, lilitokea masika. Mdogo wangu alikuwa na kikohozi kizito, nami nikapitia duka la dawa mjini nikamnunulia erithromaisini. Muuzaji aliniuliza kama mgonjwa anatumia dawa nyingine. Nikasema hapana. Safari hii sikudanganya kwa kukusudia. Nilisahau tu kwamba dawa ya kifafa ni dawa, jinsi ilivyokwisha kuwa kitu cha nyumbani, kama chumvi. Siku ya tatu akaniambia anaona migomba miwili penye mmoja, na kichwa kinazunguka. Tulicheka kwanza. Kliniki hawakucheka: erithromaisini huizuia kabamazepini isitoke mwilini, ikapanda hadi kumdhuru. Wakatutajia na vingine vinavyogongana na dawa hizi, baadhi ya dawa za kifua kikuu na za virusi vya UKIMWI, hata tunda la balungi. Tangu siku hiyo, popote aendapo kutibiwa, hubeba daftari la kliniki na dawa zake zote ndani ya mfuko mmoja, akaviweka mezani kabla hajaulizwa. Mfuko huo ni wazo lake.

Vilevile alivihamisha vidonge kutoka jikoni. Mama alikuwa akiviweka juu ya dari, penye mahindi, akiamini moshi huhifadhi kila kitu. Kumbe kabamazepini ikipata unyevunyevu hupoteza nguvu yake, pengine hadi theluthi, bila kubadilika sura. Na masika ya Kibosho mnayajua. Hata kiberiti hulowa mfukoni.

Ni mwaka wa nne sasa hajaanguka. Daktari amelianzisha tena lile swali, safari hii yeye mwenyewe: je, tufikirie kupunguza? Nilipolisikia moyo ulinipasuka kwa hofu, mimi niliyekuwa na haraka wakati ule. Mdogo wangu ameomba muda. Siku nyingine husema angependa kujua yeye ni nani bila dawa, siku nyingine husema yuko sawa hivi, na nani atamkatia ng'ombe majani akianguka tena? Nami sijui ninamtakia lipi. Nikimshauri aendelee, naogopa ni kijiko kinaongea; nikimshauri apunguze, namsikia yule mwalimu wa tarehe 16. Amesema tuvune kahawa kwanza.

Desemba iliyopita nyumba ilijaa kama kawaida. Redio ilipoanza taarifa ya habari, alimtuma mtoto wa baba mdogo amletee maji, akameza mbele ya watu wote, na kisahani cha nyama kiko mkononi. Mke wa binamu yetu akauliza ni za nini. "Za kifafa," akasema, akaendelea kula. Halafu akanisogezea mfuko. "Dada, hebu nihesabie kama vinafika tarehe 3."

Nikavimwaga juu ya meza, nikavipanga viwili viwili. Nikahesabu, nikarudia kuhesabu.

"Vinapungua vinne," nikasema.

"Najua. Kesho nateremka mjini." Akacheka, jino likaonekana. "Nilitaka nione kama utasema vinatosha."